Ukuta ukichorwa, soma kwanza kilichoandikwa

Kila mtaa unaoniita kwa kesi ya kuta kuchorwa nakuta swali lile lile, hawa watoto tuwafanyeje, na kabla sijafungua mdomo mzee mmoja ameshasema viboko. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, kesi hizi nimezizoea, huwa nauliza kwanza wameandika nini. Mara nyingi ni jina. Sio tusi, jina, tena kubwa, pale daladala zinapopita.

Philadelphia kule Marekani kuna jamaa anaitwa Darryl McCray, maarufu kama Cornbread, miaka ya 60 akiwa tineja alijaza jina lake mji mzima, eti kumvutia binti mmoja (unacheka, lakini ndo hivyo). Mwenyewe anasimulia kwamba gazeti lilipoandika kimakosa amekufa aliingia zuu akamwandika tembo kuwa Cornbread yu hai. Sasa mtoto wa hivyo utamtisha na kiboko?

New York kuanzia 1984 waliamua kuwanyima wachoraji watazamaji, treni iliyokwisha kusafishwa ikichorwa tena haitoki kubeba abiria mpaka ifutwe, na Mei 1989 ile ya mwisho yenye michoro ikaondolewa. Ilisaidia sana tu, ila inataka hela na watu wa kufuta kila siku, mtaa wa kawaida utazitoa wapi.

Mwaka huohuo wa 1984 meya wa Philadelphia, Wilson Goode, akaja na yake. Kijana akisaini ahadi ya kuacha hashtakiwi, anaenda kusafisha kuta, halafu msanii Jane Golden akaajiriwa kufanya nao kazi, wakaanza kuchora michoro mikubwa ya ukutani. 1996 ikawa programu kamili ya Mural Arts na mpaka leo michoro imepita 4,000. Na kule wakazi wanakaa kikao kwanza kujadili ukuta wao uchorwe nini, hapo ndipo sisi tunaporuka hatua, tunawapa watoto brashi alafu picha anachagua mtu mzima, mara nyingi nembo ya mfadhili, wiki haiishi imeshaandikwa juu yake na tunashangaa!

Siku hizi nikiitwa sharti langu ni moja, majina ya waliochora yawekwe hapohapo ukutani. Juzi mwenyekiti wa mtaa mmoja kanipigia analalamika kwamba yametoka makubwa kuliko jina la mtaa wenyewe. Nikamwambia mzee wangu, yaache hivyohivyo.