Dawa za ankilosingi spondilaitisi (ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya mgongo): maswali ya wagonjwa wa Kisumu

Mgongo hukakamaa asubuhi, nikitembea unalegea. Mbona nimeandikiwa naproksini tu?

Kwa sababu inashusha uvimbe wa viungo vya mgongo na nyonga wenyewe, mbali na kutuliza uchungu. Wengi huimeza siku mgongo ukizidi, kisha husema haisaidii. Dozi ya kawaida ni miligramu 500 asubuhi na 500 jioni baada ya chakula, kila siku kwa wiki 2 hadi 4. Ikishindwa, daktari hubadilisha, pengine diklofenaki au selekoksibu. Hubadilisha, haongezi! Kuchomwa sindano ya diklofenaki kwenye duka la dawa juu ya naproksini kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Ukiwa na presha au uliwahi kuwa na vidonda, sema mapema. Ukienda choo cheusi kama lami, acha dawa uende hospitali siku hiyo hiyo.

Na predinisoloni, ile dawa ya steroidi?

Vidonge vyake haviufai mgongo. Methotrekseti vilevile. Salfasalazini husaidia magoti na vifundo vilivyovimba tu.

Dawa mbili za aina ya naproksini zimeshindwa. Sasa?

Hapo huja sindano za kibayolojia: adalimumabu miligramu 40 kila wiki 2, au etanasepti 50 kila wiki, chini ya ngozi. Ni ghali, kwa hiyo pata jibu la bima kwa maandishi kabla ya dozi ya kwanza. Matokeo hupimwa baada ya wiki 12 hivi.

Sikohoi. Kwa nini nipimwe TB?

Sindano hizi huzima TNF, kemikali ambayo mwili hutumia kuwafungia bakteria wa TB waliolala. Wakiamka wanaweza kushika tezi au uti wa mgongo, bila kikohozi chochote. Huku kwetu kando ya ziwa kipimo hiki hakirukwi, pamoja na HIV na hepatitisi B. Ukikutwa na TB iliyolala, unameza dawa zake angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza sindano.

Nasafiri na sindano yangu hadi Busia. Itaharibika?

Iweke kwenye kibebeo cha baridi, nyuzi 2 hadi 8, ukiifunga kwa kitambaa isiguse barafu. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka. Itoe nusu saa kabla ya kujidunga, haitauma sana. Ukiwa na homa, usijidunge kabla ya kuonwa na daktari.

Jicho limekuwa jekundu, linauma kwenye mwanga.

Huenda ni uvimbe wa ndani ya jicho, ambao huandamana na ugonjwa huu. Nenda kliniki ya macho leo. Usinunue matone ovyo.