Je, wajua kwa nini printa ya 3D iliyochapa vizuri Mbeya mjini hugoma ikifika Makete, milimani mkoani Njombe?

Karakana inayotembea ni gari lenye printa za 3D, kompyuta mpakato na betri, linalozunguka shule kwa shule ili mwanafunzi achore kitu kwenye kompyuta na kukishika mkononi siku hiyohiyo. Printa iliyotoa gia safi mjini jioni inaweza kesho yake kutoa kitu kilichopinda kama kigae. Haijaharibika. Imepitishwa barabara mbovu, kisha ikawekwa kwenye baridi.

Barabara kwanza. Printa huyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka. Tabaka la mwanzo huchapwa nozeli, yaani ncha inayotoa plastiki hiyo, ikiwa juu ya meza ya printa kwa milimita 0.2 hivi. Mtikisiko wa kupanda kutoka Isyonje hadi Kitulo, njiani kwenda Makete, unaweza kulegeza skrubu za meza, na skrubu ya milimita 4 ikizunguka robo tu, pembe ya meza inasogea karibu milimita 0.18. Nafasi yote imekwisha, au imekuwa maradufu. Basi pasha meza hadi nyuzi joto 60 na usubiri dakika 10, kwa kuwa chuma hutanuka kikipata moto na kipimo cha baridi kitakudanganya. Pitisha karatasi ya A4 chini ya nozeli, pembe nne na katikati: ikwaruze kidogo bila kukwama. Rudia mzunguko mzima, maana ukigusa pembe moja unaharibu nyingine.

Kesi kubwa ni baridi. PLA, plastiki inayotumika zaidi shuleni, hutoka kwenye nozeli ikiwa na nyuzi 200 hivi, na ikipoa husinyaa. Tabaka la juu huvuta la chini, na mvuto huo huelemea kwenye kona. Utaona kona moja imenyanyuka unene wa ukucha, nozeli inaigonga, kitu kizima kinabanduka na uzi wa plastiki unajisokota hewani kama tambi. Meza ya nyuzi 60 husaidia kwa sababu PLA huanza kulainika kwenye joto hilo, lakini inapasha chini tu. Darasa la Makete mwezi Julai, dirisha likikosa kioo, upepo hupoza ubavu wa kitu ghafla.

Dawa ni boksi la kartoni: lizingire printa pande tatu, mbele pawe wazi, lisiguse nozeli, na mtu asiondoke. Zima feni ya kupoza kwa tabaka 3 za mwanzo, ongeza ukingo mwembamba wa plastiki wa milimita 5 kuzunguka kitu ili kishike meza. Bamba la juu ya meza lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha lishikwe kingoni. Alama moja ya kidole chenye mafuta inatosha kubandua kazi ya saa nzima.

Kuhusu umeme, betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, usiitumie zaidi ya nusu. Printa ndogo inayokula wati 120 itaenda saa 4 hivi ukiondoa umeme unaopotea njiani, na kwenye baridi itapungua kwa sababu meza inapashwa muda mrefu zaidi.

Vipindi viwili ni dakika 80. Kwa hiyo gia ya meno 24 ije imeshachapwa. Darasani ichapwe ya meno 12 tu, wanafunzi waziunganishe gia hizo mbili na kuhesabu mizunguko wenyewe. Na printa iwashwe wakiwa bado mstarini asubuhi, si kengele ya kipindi ikishalia.