Maji ni yale yale ya ziwani, mbona samaki wanakufa?

Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu wa hapa Kigoma, na wote wana kisa kimoja. Mtu katengenezewa tangi la kioo, kaenda mwenyewe kuchota maji Ziwa Tanganyika, kaweka mchanga na mawe ya huko huko, katia samaki wa huko huko. Siku ya tano au ya sita anaamka, samaki wameelea. Swali ni lile lile: "Kaka, haya si ndiyo maji waliyozaliwa? Wamekufa na nini sasa?"

Wamekufa na amonia. Naomba nilieleze hili kwa kirefu, maana ukilielewa hili moja, mengine yote ya tangi unaweza kujifunza polepole bila kuua kiumbe.

Samaki hutoa amonia muda wote, na nyingi hutokea kwenye matamvua, pale pale anapopumulia. Chakula kilichobaki kikioza nacho kinatoa amonia. Ziwani hilo si jambo, kwa sababu ziwa lina kina cha mita 1,470 na uchafu wa samaki mmoja humo ni sawa na hakuna. Tangi langu la sebuleni lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Likijaa ni lita 63 tu, yaani madumu matatu ya lita 20 na kidogo. Kila anachotoa samaki kinabaki humo humo, na anakivuta tena.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba amonia majini huwa na sura mbili. Kuna ile iliyoshikana na hidrojeni, inayoitwa amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo. Kuna na ile iliyo huru, na hii ndiyo sumu, inapenya kwenye matamvua na kuyaunguza. Kinachoamua ni sura ipi itakuwa nyingi ni pH ya maji, yaani kipimo cha uchachu au ukali wake: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyopanda maji yanakuwa makali kama ya magadi. Kwenye joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sehemu ya sumu isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Ikifika pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Ikifika pH 9 inapita theluthi moja.

Sasa, maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana pH karibu na 9. Hata bahari haifiki hapo, yenyewe huwa 8.1 au 8.2. Nina rafiki Tanga anayefuga samaki wa matumbawe kwenye tangi la maji ya bahari, na watu wanamwona yeye ndiye mwenye kazi ngumu. Kwa taa na kwa gharama, kweli. Lakini uchafu ule ule ukiingia kwenye tangi lake na langu, sumu ya kwangu ni kali zaidi ya mara nne. Ndiyo sababu maji yetu, yaliyo bora kabisa kwa samaki wetu, hayana huruma na tangi jipya.

Mimi nililijua hilo kwa uchungu. Tangi langu la kwanza, nikikaa Mwanga hapa hapa Kigoma, nililijaza asubuhi na jioni nikatia samaki wanane. Nikawa nawapa unga wa dagaa kwa ukarimu, nikidhani nawatunza. Usiku wa nne nikawaona wamepanda juu wote, midomo kwenye uso wa maji, wanahema, matamvua mekundu kama yamekwaruzwa. Nikabadilisha nusu ya maji, lakini nilikuwa nimechelewa. Asubuhi ya siku ya sita hakubaki hata mmoja. Sijasahau, na sitaki imtokee mtu mwingine kwa kukosa maelezo.

Dawa yake ni bakteria, na bakteria wanataka muda. Kuna wanaokula amonia na kuigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kuna wengine wanaoichukua hiyo naitraiti na kuifanya naitreti, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha maji. Hawa wote huota wenyewe kwenye mchanga, kwenye mawe, na hasa kwenye sponji ya filta. Kuota kwao huchukua wiki nne hadi sita. Kwa hiyo jaza tangi, washa pampu ya hewa na filta ya sponji, tia kipande kidogo cha dagaa kioze humo, kisha usitie samaki. Ukiwa na vipimo vya matone, subiri hadi amonia na naitraiti zote zisome sifuri. Mimi vyangu niliviagiza Dar es Salaam, na kama kuna kitu kimoja cha kutolea pesa, basi ni hicho. Ukimpata mwenye tangi la siku nyingi, muombe akukamulie sponji yake ndani ya lako. Yale maji ya kahawia yanayotoka ni mbegu.

Sponji usiioshe kwa maji ya bomba. Maji yetu ya mjini nayo asili yake ni ziwa, lakini yametiwa klorini, na klorini inaua bakteria wale wale uliowangoja mwezi mzima. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Na maji ya kujazia usiyachote Kibirizi penye boti na mafuta. Mimi huenda upande wa Katonga, kwenye mawe, mapema kabla upepo haujachafua.

Kuna ushauri unaozunguka hapa kwamba utie chumvi ya Uvinza ili maji "yakaze", yaani yawe makali kama ya ziwani. Tafadhali, hapana. Ile ni chumvi ya mezani, na ziwa letu ukali wake hautokani na chumvi hiyo. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, ziwa halifiki hata gramu moja, na nyingi ya hizo chache ni bikaboneti pamoja na magnesiamu na sodiamu. Walioko Tabora, ambao maji yao yanaletwa kwa bomba kutoka Ziwa Victoria, waweke mawe ya chokaa ndani ya tangi ili kuipandisha pH. pH haitafika 9, lakini ikikaa juu ya 8 samaki hawa wanaishi vizuri, na amonia inakuwa na upole kidogo.

Nakuja kwa samaki wenyewe. Kwa tangi dogo sina shaka hata kidogo: fuga wakazi wa magamba. Huko chini ziwani kuna konokono aitwaye Neothauma, hapatikani ziwa jingine lolote duniani. Akifa, gamba lake halimumunyiki upesi, kwa sababu ya ule ule ukali wa maji ninaousema. Yanalundikana, mahali pengine yanafunika sakafu ya ziwa eneo kubwa, na samaki wadogo wakayageuza mji. Kwangu nina Neolamprologus brevis, ambaye mtaalamu wa samaki aitwaye Boulenger alimpa jina la kisayansi mwaka 1899. Dume hapiti sentimita sita, jike ni mdogo zaidi, na wote wawili hulala ndani ya gamba moja.

Siku nilipowatia, jike alizunguka magamba matano kabla ya kuchagua. Kisha akaanza kazi. Alikuwa anainamisha kichwa, anajaza mdomo mchanga, anaupeleka pembeni, anarudi. Alipochimba vya kutosha upande mmoja, gamba likazama lenyewe, naye akaanza kulifukia hadi ukabaki mlango tu. Nilikaa na kikombe cha chai hadi kikapoa. Ndiyo maana nasisitiza mchanga laini wa sentimita tano. Kokoto hawawezi kuchimba, na samaki huyu asipochimba unakuwa umemnyima maisha yake.

Kuhusu kuwapata, usiingie tu na wavu. Nenda kwa afisa uvuvi, uliza utaratibu wa samaki wa mapambo, kwa sababu biashara hii ina kibali chake. Na ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale usiguse hata gamba. Hata nje ya hifadhi, chukua magamba machache tu. Kila moja kule chini lina mwenyewe.

Umeme ukikatika, hofu yangu ya kwanza ni sponji, kwa sababu bakteria wakikosa hewa kwa saa kadhaa wanaanza kufa, na umeme ukirudi wanasukumiwa ndani ya tangi wakiwa wameoza. Nina pampu ndogo ya betri. Kabla sijaipata nilikuwa nachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, kila baada ya muda, hata usiku. Katika kipindi hicho usilishe kabisa. Samaki mzima hukaa siku mbili bila chakula na hadhuriki.

Siku za kawaida nabadilisha dumu moja la lita 10 kila wiki, na nawalisha viluwiluwi vya mbu ninavyofuga kwenye ndoo uani, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Dagaa nilimwacha.

Juzi jioni jike alikuwa hatoki. Anatokeza kichwa tu, anapepea mapezi kusukuma maji ndani, dume amesimama mlangoni na kumfukuza kila anayekatiza. Leo asubuhi nimewasha taa nikaona vitu vyembamba mfano wa kope, kama kumi na tano hivi, vimetandaa kwenye mchanga kuzunguka mlango wa gamba. Nilipoinama kuhesabu vizuri, vyote vikarudi ndani.