Haidrojeli ya kufunikia vidonda ni nini?

Haidrojeli ni minyororo mirefu ya polima (molekuli ndefu zenye vipande vinavyojirudia) inayopenda maji, iliyoshikanishwa kwa vifundo. Maji yakiingia, minyororo huvimba, lakini vifundo huizuia isiyeyuke. Nyingi zinazowekwa kwenye vidonda ni maji kwa zaidi ya asilimia 70.

Unyevu huo una kazi. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba ngozi mpya huota takriban mara mbili upesi kidonda kikihifadhiwa unyevu kuliko kikiachwa wazi. Penye kigaga kikavu, seli hulazimika kupenya chini yake.

Ugumu wa kuitengeneza umo kwenye vifundo. Chukua PVA (polivinili alkoholi, polima inayoyeyuka majini): weka gramu 10 kwa kila mililita 100 za maji, koroga kwenye nyuzi 90 za Selsiasi hadi maji yawe angavu kabisa, kwa sababu punje ambazo hazikuyeyuka huacha sehemu dhaifu. Mimina kwenye sinia, gandisha kwenye nyuzi −20 usiku kucha, kisha iache iyeyuke kwa joto la chumba. Rudia mara 3 hadi 5. Barafu husonganisha minyororo, nayo hujipanga kuwa fuwele ndogo sana. Hizo ndizo vifundo. Hakuna kemikali iliyoongezwa, ila fuwele hizo hazistahimili joto: ukiua vijidudu vyake kwa mvuke wa nyuzi 121, unatoa uji.

Glutaraldehaidi, kemikali inayounganisha minyororo, hufunga vifundo imara zaidi, lakini mabaki yake huua seli zilezile zinazojenga ngozi. Jeli ioshwe mara nyingi, kisha ipimwe kwa ISO 10993-5, kiwango cha kimataifa cha kupima sumu kwa seli: seli zilizobaki hai zikipungua chini ya asilimia 70 ya zile za kulinganishia, imeshindwa.

Njia nzuri kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile ya mtafiti Janusz Rosiak wa Poland: PVP (polivinilipirolidoni, polima nyingine inayopenda maji), agari (kigandishi kitokanacho na mwani) na maji hufungwa ndani ya pakiti, kisha hupigwa miale ya elektroni. Kipimo cha kilogrei 25 (kilogrei ni kizio cha mnururisho) hufunga vifundo na kuua vijidudu kwa mpigo mmoja.

Uvimbaji upimwe kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, nyuzi 37, kwani maji matupu hutoa vipimo vya kudanganya, hasa kwa jeli zenye chaji ya umeme. Na kidonda kinachotoa majimaji mengi hakifai kufunikwa kwa jeli iliyokwisha kushiba maji: ngozi ya pembeni hulowa, ikawa nyeupe na kuchubuka. Hapo tumia bandeji ya povu au ya alginati (nyuzi za mwani zinazofyonza majimaji).