Imani haipiti kwa damu

Wengi huamini kwamba mjukuu aliyezaliwa katika ukoo wa Kikristo na kubatizwa tayari amerithi imani. Biblia haisemi hivyo. Waamuzi 2:10 inasimulia kizazi cha Waisraeli kilichoinuka baada ya kiongozi wao Yoshua bila kumjua Bwana, ilhali wazazi wao walikuwa wameyaona matendo yake kwa macho. Hunihuzunisha kila nisomapo. Kumbukumbu la Torati 4:9 inawaagiza Waisraeli wawajulishe waliyoyaona watoto wao, na watoto wa watoto wao. Paulo naye anamtaja Loisi, bibi yake Timotheo, ambaye imani ilikaa kwake kwanza; baba wa kijana huyo alikuwa Myunani, si Myahudi. Basi, babu na bibi, wasimulieni wajukuu jinsi Mungu alivyowajibu, hata nyakati alipoonekana kunyamaza, na waombeeni wakiwasikia.