Kidonda cha Kisukari Hakimuumizi Mgonjwa Mguuni Peke Yake: Dhana Potofu na Ukweli

Kuanzia Marangu hadi mitaa ya Pasua na Njoro mjini Moshi, wapo wanaoamini kwamba kidonda ndugu kinachokaa mguuni miezi na miezi ni kitu ambacho mgonjwa alitegewa akakikanyaga. Ukweli ni kwamba kisukari kikidumu bila kudhibitiwa hudhoofisha neva za miguu hadi ikafa ganzi, na huibana mishipa inayopeleka damu huko. Mtu akaota moto usiku wa baridi ya Julai akaungua, au akachomwa na msumari, asisikie lolote. Madhara ya dhana hii hayaishii kwenye kuchelewa hospitali. Mgonjwa huanza kumshuku jirani, shemeji au mke mwenza, na kwa njia hiyo hujitenga na watu walewale ambao angewahitaji katika miezi inayofuata.

Wengine hudhani kidonda hicho huambukiza, kwa sababu kinanuka. Harufu hutokana na bakteria na nyama iliyokufa, na hupungua sana kidonda kikisafishwa na kufungwa ipasavyo. Kisukari hakiambukizi, na kula meza moja na mgonjwa hakumpi mtu kidonda. Hata hivyo, ni mgonjwa mwenyewe ambaye mara nyingi huacha kwanza kwenda kanisani, msikitini au kwenye jumuiya, akihofia watu watasogea pembeni.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba huzuni ya mgonjwa wa aina hii ni jambo la kawaida ambalo dawa yake ni kujikaza: baba huambiwa ajikaze kiume, mama huambiwa amwachie Mungu. Sala haina ugomvi na matibabu, lakini sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu 253 waliopata kidonda cha mguu cha kisukari kwa mara ya kwanza; takribani theluthi moja walikuwa na sonona, na katika miezi 18 hatari ya kufariki kwao ilikuwa karibu mara tatu ya wenzao. Sababu hazijulikani zote, ila mtu aliyekata tamaa huruka dawa na kuacha kliniki, na homoni za msongo wa mawazo hupandisha sukari. Hata kwa wasio na kisukari msongo huchelewesha kupona: nchini Marekani, mwaka 1995, wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau walipona kidonda kidogo cha majaribio siku tisa baadaye kuliko wenzao wasio na mzigo huo. Anayemuuguza mgonjwa naye aulizwe anaendeleaje.

Kisha ipo dhana kwamba kumsaidia mgonjwa ni kwenda kumpa pole na kreti ya soda (ambayo, kwa mwenye kisukari, heri ingebaki dukani). Daktari anaposema mguu usikanyagiwe, kwa kweli ametoa agizo kwa kaya nzima, kwa maana kila hatua hukandamiza nyama changa inayojaribu kuota. Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni hawezi kutii agizo hilo ikiwa hakuna wa kumshikia meza, wala mzee mwenye ng'ombe wa ndani ikiwa hakuna wa kumkatia majani. Huonekana mkaidi, kumbe amekosa mtu. Msaada unaoponya ni wa namna hiyo: kukata majani, kuchota maji, kulipa nauli ya Hiace na kumsindikiza hospitali ya Mawenzi au KCMC, kumtazama nyayo jioni kwa kuwa huenda macho yake nayo yameathirika, au wanakikoba kukubaliana kusogeza mbele marejesho yake. Gharama zikizidi, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuonwa kuhusu msamaha wa matibabu, na si aibu kumwona.

Kumlinda mgonjwa kama askari, kwa kumhesabia matonge mbele ya wageni, si msaada. Humfundisha kula kwa kujificha. Kaya ikibadili chungu kizima, yaani mboga nyingi, wali kidogo, chai bila sukari, hakuna anayetengwa kwa sahani yake.

Kidonda kikirudi, watu husema amezembea. Ukweli ni kwamba hata kwa waliotunzwa vizuri, takribani 4 kati ya 10 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja baada ya kupona, kwa kuwa ganzi haiondoki. Lawama humfanya afiche kidonda kipya, na kidonda kilichofichwa ndicho kinachofikia kukatwa mguu.

Anayeishi na mgonjwa anaweza kumuuliza maswali mawili: je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, na je, umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Jibu likiwa ndiyo kwa siku nyingi, lielezwe kwa muuguzi siku ya kubadilisha bandeji, ili apimwe na kupewa ushauri nasaha au dawa. Mgonjwa akisema afadhali afe, asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.