Mtoto kapata nafasi shule ya magneti, sasa marafiki atawapata wapi?

Kila mwaka majibu ya bahati nasibu ya shule yakitoka huku Connecticut, Marekani, wazazi wenzetu wanaoongea Kiswahili wananipigia simu na furaha kabisa, mtoto kachaguliwa shule ya magneti, yaani shule ya umma yenye mkazo maalum, ya sayansi au ya sanaa, inayochukua watoto wa miji mbalimbali, na maswali ni yale yale: hesabu zao zikoje, basi linapita saa ngapi, chakula tunalipa au bure. Atacheza na nani, hilo huwa haliulizwi. Mimi ni mshauri wa wanafunzi, nafanya kazi na watoto wa darasa la 6 mpaka la 8, yaani miaka 11 mpaka 14, na kwa umri huo nani atakaa naye mezani wakati wa lanchi ndo jambo mtoto analala nalo na kuamka nalo, hata kama nyumbani anakwambia kila kitu poa.

Ili uelewe kwa nini ni ngumu hebu tuangalie hizi shule zimetoka wapi. Zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ile ya McCarver kule Tacoma mwaka 1968 ndo inatajwa kuwa ya kwanza, kisha Trotter ya Boston mwaka 1969. Watoto weusi na weupe walikuwa wanasoma mbalimbali kwa sababu familia zao zinaishi mitaa tofauti, basi wasimamizi wa shule wakaona waweke shule yenye kitu kizuri ambacho shule ya mtaani haina, mzazi mwenyewe avutike kumpeleka mtoto huko mbali. Hapa Hartford, mji mkuu wa Connecticut, ilifika mpaka mahakamani, kesi ya Sheff v. O'Neill, ilifunguliwa mwaka 1989 wakati Milo Sheff, mtoto ambaye kesi ina jina lake, yuko darasa la 4 tu, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Connecticut ikasema kuwatenga watoto namna ile kunavunja katiba ya jimbo. Ndo maana leo darasa moja unamkuta mtoto wa Hartford mjini, na wa miji ya jirani, wa Manchester, wa Windsor, wa Glastonbury, na katikati yao mtoto wa familia ya Kikongo iliyofika juzi juzi kama wakimbizi. Kuchanganyika ndo kazi yenyewe ya shule hizi. Sasa kama watoto wanakaa dawati moja mwaka mzima na hakuna hata mmoja anajua nyumbani kwa mwenzake, kwangu mimi hiyo kazi imefanyika nusu.

Tatizo ni umbali. Mtoto anayesoma shule ya mtaani anatoka, anapita kwa jirani, wanapiga mpira kidogo, jioni anarudi, wala hakuna mtu mzima aliyepanga kitu. Mtoto wa magneti anashuka kwenye basi la manjano baada ya safari ndefu, mwezi wa 12 huku jua linazama saa kumi na nusu hata haijafika, giza, baridi, rafiki yake wa shuleni yuko mji mwingine na mama yuko shifti. Na pale mtaani wale aliosoma nao zamani wameshapata stori zao mpya, walimu wao, utani wao, yeye anasikia nusu nusu tu. Hapo ndo mtoto anajikuta hana watu pande zote mbili na wazazi wanadhani kawa mvivu au simu imemharibu.

Lakini kuna kitu kizuri sana kwenye hizi shule na nataka mkishike: darasa la 6 kwenye shule ya magneti karibu wote ni wageni. Hakuna lile kundi lililotoka wote shule ya msingi moja wakaja wameshikana mikono. Wiki za mwanzo kila mtoto anatafuta mtu, yule aliyekuwa hana rafiki shule ya zamani, aliyeitwa majina, anaanza upya kabisa, na nimeona watoto wakichanua kwa namna ambayo mama yake mwenyewe hakuamini. Pia wanakuta wenzao wanaopenda vitu vile vile, mtoto wa roboti anakuta mwingine wa roboti. Ila dirisha hilo halikai wazi muda mrefu, ikifika baridi makundi yameshajipanga, kwa hiyo Septemba msimwambie "subiri kwanza uzoee masomo".

Kuna aina nyingine, kwa mfano Montgomery County kule Maryland ambako wenzetu ni wengi, programu ya magneti inakuwa ndani ya shule ya kawaida. Huko watoto wa programu wanakuwa pamoja masomo makubwa, na wale wa mtaani wanakutana nao lanchi, michezo, muziki. Hapo muulize mtoto kama anao marafiki upande wa pili, maana ni rahisi sana wakaanza kujiona sisi ni wale wenye akili na wao ni wale wengine, na hayo maneno ukiyasikia nyumbani yakemee siku hiyo hiyo, na wewe mzazi acha kuyasema.

Sasa nini kinasaidia. Kwa mtazamo wangu kitu cha kwanza ni klabu ya baada ya masomo, na ili aende klabu lazima ujue kama shule ina basi la jioni, lile linalowarudisha waliobaki. Ulizeni hilo kabla hata ya kukubali nafasi! Mzazi akiniuliza amlipie tuisheni ya ziada au amwache abaki drama, chesi, riadha, kama alama haziko vibaya namwambia amwache abaki. Darasani wanaongea kazi, urafiki unatengenezwa pale hakuna anayesahihisha.

Pili, wazazi wenyewe tujuane, na hapa wengi wetu tunakwama. Tunaona aibu kumpigia mama wa mtoto ambaye hatumjui, lafudhi, nyumba ndogo, nitampikia nini. Mpigie. Wali na kuku inatosha, na mtoto mgeni atakula. Jumamosi moja kwa mwezi tafuteni sehemu iliyo katikati, maktaba au uwanja, mpeane zamu ya kuendesha. Suala la kulala kwa rafiki najua ni zito kwetu na mimi simlazimishi mtu, lakini usiishie kwenye hapana. Mwache aende mpaka saa nne usiku, wale piza, waangalie muvi, halafu umfuate, watoto wengi wanaridhika kabisa na hiyo.

Simu: mitandao mingi inataka miaka 13 na huo mpaka una sababu zake, ila grupu la meseji la wanafunzi wenzake kwa mtoto anayeishi mbali ndo uwanja wake wa jioni. Likikatwa lote anakosa mpaka habari za nani anakaa wapi kwenye basi. Wekeni masaa, simu ilale sebuleni, na soma naye pamoja mara moja moja badala ya kumpekua kimya kimya.

Na yule rafiki wa mtaani, wa kanisani au msikitini, msimwache apotee, huyo ndo anamfahamu mtoto wako nje ya alama.

Mwisho, kama mpaka Novemba hajataja jina hata moja, au kila Jumatatu tumbo linauma, au anakula lanchi maktaba, mwandikie mshauri wa shule imeili, hata kwa Kiswahili, shule inatakiwa kutafuta mkalimani na hulipi chochote. Sema tu: "Naomba ujue mtoto wangu anakaa na nani wakati wa chakula." Tunaweza kumbadilishia meza, kumuunganisha na klabu, kumweka kwenye kikundi kidogo, ila lazima tujue.